Waholanzi wa Michigan, Zaburi, na hati ya ardhi

Binamu yangu yuko Grand Rapids kule Michigan, anaendesha lori, na juzi kanitumia voisi ndefu ya malalamiko na vichekesho, afu mwishoni akauliza swali ambalo limenikosesha usingizi kidogo. Anasema hawa jirani zake wazungu wote majina ni Van nini na Van nini, babu zao walikuja kwa meli zilezile, Biblia ni moja, dini ni moja, sasa mbona kuna kanisa huku na kanisa kule, barabara moja, na miaka yote hawasali pamoja? "We ndo unapenda kusoma, hebu niambie."

Basi nikasoma. Na nikisoma kitu cha mbali siwezi kunyamaza nacho, lazima nikipeleke barazani, kwa iyo hapa kwetu Langoni, Lamu, saa hizi kuna watu wanaojua habari za Waholanzi wa mwaka 1857 bila kuziomba.

Mambo yanaanzia Uholanzi kwenyewe. Mfalme wao Willem wa kwanza mwaka 1816 alilipanga upya kanisa la nchi likawa chini ya serikali, na kabla ya hapo walishaletewa kitabu cha nyimbo mpya za kutungwa ziimbwe pamoja na Zaburi. Wakulima wa vijijini hawakupenda hata kidogo. Kwao wao Zaburi ni maneno ya Mungu, na hizo nyingine ni maneno ya binadamu fulani aliyekaa akatunga. Mchungaji mmoja wa kijiji cha Ulrum, Hendrik de Cock, akaandika na kuhubiri vikali, akasimamishwa, akavuliwa uchungaji, na Oktoba 1834 yeye na watu wake wakatia sahihi karatasi ya kujitenga. Wengine wakafuata. Serikali ikatoa sheria ya zamani, kwamba mkusanyiko wa watu zaidi ya ishirini ni lazima uwe na kibali, watu wakapigwa faini mpaka wakauziwa vyombo, na askari wakapelekwa kulala majumbani mwao. Yaani umeswali na majirani zako ghalani, jioni unaletewa wanajeshi uwalishe na uwape kitanda. Shikeni hilo la askari, litarudi.

Afu ikaja miaka ya 1845 na 1846, viazi vikaoza shambani, njaa ikaingia, na wachungaji wawili wakaamua kuhama na watu wao. Albertus van Raalte akaondoka 1846, na Februari 1847 akaanza mji msituni Michigan wakauita Holland. Hendrik Scholte akaja mwaka uleule wa 1847 na watu kama mia nane akaenda Iowa, mji wake ukaitwa Pella. Hawa wawili walijuana tangu wakiwa wanafunzi chuoni Leiden, lakini mmoja kaenda kwenye msitu na kinamasi, mwingine kaenda kwenye nchi ya majani iliyo wazi, na nadhani hilo peke yake linakwambia tabia zao.

Holland mwaka wa kwanza ilikuwa mateso. Malaria (sisi watu wa mikokoni tunaijua hiyo) na kuhara viliwaua wengi kiangazi kile, mpaka wakaanza kujenga nyumba ya mayatima. Van Raalte anahubiri, anazika, anatafuta dawa, anaandika barua kuomba pesa, ananunua ardhi, anauza ardhi, anaendesha mkutano wa wananchi unaoamua barabara ipite wapi. Kila kitu yeye.

Hapo kwenye "ananunua ardhi" ndipo ami yangu mmoja aliyekuwa kimya muda wote pale barazani akaweka kikombe chini akauliza, "Mwanangu, na hiyo ardhi iliandikwa yina la nani?"

Swali la mtu wa Lamu hilo, bana. Mtu aliyeona watu wakizaliwa shamba moja vizazi vitatu na karatasi iko kwa mtu mwingine hawezi kusikia habari ya walowezi asiulize hati. Na jibu ni kwamba sehemu kubwa iliandikwa jina la mchungaji. Van Raalte alinunua viwanja kwa jina lake, vingine vilivyokuwa vikidaiwa kodi na serikali, akawa anawauzia waumini, na sio kwamba alikuwa mwizi, mi sijaona hivo, alikuwa na haraka na hakukuwa na mtu mwingine wa kuaminika kwa serikali ya kule. Lakini jumapili anakuhubiria habari ya kutosheka na jumatatu unakwenda kwake kumwomba akuongezee muda wa kulipa kiwanja. Utamsikiliza vipi huyo mtu? Na tukisema hati, tuseme yote: hapo karibu walikuwepo Waodawa, wenyeji, na misheni yao na mashamba yao, na mwaka 1849 wakachoka na hao wageni wapya wakahamia kaskazini, pande za Northport. Ami alipoambiwa hivo akasema tu "ehee", akachukua kikombe chake.

Scholte wa Pella kwake lilichacha zaidi. Alinunua ekari kama elfu kumi na nane kwa pesa iliyochangwa na watu pamoja na yake, maana alikuwa tajiri, na hesabu ya nani kalipa nini na nani apate bei gani haikuwahi kutulia. Yeye ndo mchungaji, ndo mwenye ardhi, ndo wakili, akawa mpaka na gazeti. Miaka ya 1850 kanisa lake mwenyewe likamkataa, na ugomvi wenyewe ulikuwa wa ardhi. Masimulizi ya Pella yanasema mkewe alipofungua makasha ya sahani zake za Delft, zile za udongo za Kiholanzi, alizosafiri nazo bahari yote akakuta zimevunjika, akatengenezewa njia ya vipande vyake. Sina cha kuongeza hapo, nimeipenda tu.

Turudi Michigan maana ndiko swali la binamu lilipo.

Pale New York tangu 1628 kulikuwa na kanisa la Waholanzi wa zamani, wale waliokuja enzi za ukoloni wao, watu wa mjini, wamekuwa Wamarekani kabisa. Hao ndo waliowapokea wageni bandarini na kuwachangia. Mwaka 1849 mmoja wao, mchungaji Wyckoff, akatumwa kuwatembelea walowezi, na mwaka 1850 makanisa ya kina Van Raalte yakajiunga nao. Wyckoff aliwaahidi kwamba wakiona muungano unawadhuru kiroho, wana uhuru wa kuaga na kuondoka kindugu. Van Raalte alitaka muungano kwa moyo wote, na ukimwangalia hali yake unamwelewa, mtu ana watu wanakufa na homa, hana pesa, hana walimu, anapewa mkono na ndugu wa dini moja, aukatae kwa nini?

Lakini wakulima wa vijiji vya kando walikuwa na macho. Walikwenda kusali kwa hao ndugu wapya au wakasikia kwa waliokwenda, Gijsbert Haan, mzee mmoja wa kanisa, akiwa ndo mpeleka habari mkubwa, na walichosikia hakikuwafurahisha. Aprili 1857 kwenye kikao cha makanisa ya eneo zikasomwa barua. Makanisa manne, Graafschap, Noordeloos, Polkton na moja la Grand Rapids, yanajitoa. Ndilo hilo lililokuja kuitwa Christian Reformed Church, na lile la kina Van Raalte leo ni Reformed Church in America. Waliotoka walikuwa wachache na kwa miaka kadhaa walikuwa na mchungaji mmoja tu, Koene van den Bosch, hebu fikiria huyo mtu na farasi wake na matope ya Michigan.

Barua ya Graafschap inataja sababu. Nyimbo za kutungwa, mia nane. Meza ya Bwana, ule mkate na divai, inafunguliwa kwa kila mtu. Katekisimu, kile kitabu cha mafundisho ya imani, haihubiriwi inavyotakiwa, nyumba za waumini hazitembelewi. Watu wengi wanaoandika habari hii wanasimama hapa wanacheka kidogo, kwamba ona watu wanaachana kwa sababu ya nyimbo. Mi naona hawajasoma mpaka chini. Kwa sababu kule chini wamesema kinachowaumiza zaidi ya yote, kwamba wapo ndani ya muungano huu watu wanaoona kule kujitenga kwetu Uholanzi hakukuwa na ulazima.

Hilo ndilo, na nimelirudia barazani mpaka nikaambiwa basi. Wale watu walilazimishwa kulisha askari kwa ajili ya imani, walilipa faini wakauza ng'ombe, wakavuka bahari, wakazika watoto kwenye kinamasi, halafu anakuja bwana mmoja amevaa vizuri kutoka mjini, amekula ameshiba, anawaambia kwa upole, ndugu zangu, kwani ilikuwa lazima? Nyimbo ungeweza kuzivumilia. Hata meza ungejadiliana. Lakini mtu akikwambia mateso yako yalikuwa ya bure, na unatakiwa umwite ndugu na kukaa naye kikao kimoja, hapo hata mimi ningeandika barua. Na kosa la Van Raalte kwa maoni yangu liko hapohapo, sio kwenye ardhi. Naye aliteswa, alishalala jela Uholanzi kwa kuhubiri, alikuwa na haki kuliko wote ya kusimama kuwaambia wale wa mjini hapana, ilikuwa lazima, nami nilikuwepo. Badala yake aliwaona waliojitoa kuwa wakorofi, wapenda mifarakano, watu wa kulea hasira. Pengine baadhi yao walikuwa hivo kweli. Kabla yao kijiji cha Drenthe kilishagawanyika, kwa iyo yule bwana alikuwa amechoka.

Sasa sisi watu wa Lamu tusijifanye tunashangaa, maana matari tunayajua. Habib Saleh, yule mwanachuoni, alipokuja kutoka Ngazija akaanza kusomesha kila mtu huku Langoni, mpaka watoto wa watumwa, na kusoma maulidi ya Al-Habshi kwa matari msikitini, wakubwa wa mtaa wa Mkomani walipinga kwa nguvu, ngoma msikitini vipi? Msikiti wake wa Riyadha ukajengwa karibu na mwaka 1900 na leo watu wanapanda ndege kuja kuyaona maulidi yaleyale. Ukiuliza wazee watakwambia ugomvi ulikuwa wa matari. Haya. Lakini nani alikuwa na ruhusa ya kusoma, na mbele ya nani, na mtoto wa nani akae safu gani, hilo nalo lilikuwemo ndani ya ngozi ya tari, na kila mtu alilisikia. Sifananishi dini na dini wala mtu na mtu, msije kunitukana huko chini. Nasema tu sauti inayoingia nyumba ya ibada haiji peke yake.

Yaliyofuata Holland yana kejeli ambayo hata mtunzi angeona aibu kuitunga. Oktoba 1871, usiku uleule Chicago inaungua, Holland nayo ikaungua karibu yote, lakini kanisa kubwa la Van Raalte lenye nguzo nyeupe mbele, lililojengwa 1856, likabaki. Van Raalte akafa 1876. Miaka michache baadaye ukazuka mzozo mwingine, safari hii Frimasoni, kile chama cha siri: je mwanachama wa Frimasoni anaweza kuwa mshiriki kanisani? Kanisa la mashariki, lile la New York, likasema hayo waamue makanisa ya mahali, wa Michigan wakachemka. Mwaka 1882 wengi wa washiriki wa kanisa lilelile la Van Raalte wakajitoa na jengo wakabaki nalo, na miaka miwili baadaye wakaingia Christian Reformed Church. Yaani mtu aliyepigania muungano maisha yake yote, mimbari yake ikaenda kwa waliojitenga. Na wale wachache waliobaki waaminifu kwa muungano ndo wakatoka nje kwenda kutafuta pa kusali.

Kwa iyo binamu, jibu lako ni hilo, na ujue kwamba ukipita hapo Holland leo lile jengo la nguzo, Pillar Church, tangu 2012 ni la pande zote mbili, waumini wake wanahesabiwa huku na kule. Hiyo ni nyumba moja lakini. Madhehebu bado ni mawili, kila moja na sinodi yake, yaani baraza lake kuu, na kila moja na chuo chake, Hope ni cha hawa, Calvin ni cha wale. Nasikia vyuo hivyo vikikutana kwenye mpira wa kikapu ukumbi unajaa na watu wanapiga kelele mpaka sauti zinakauka, na hapo hakuna anayeuliza wimbo umetungwa na nani.