Dirisha la Upande Gani?

Wengi wetu tunaopenda kutazama nje tukiwa angani huridhika pindi tunapopata kiti cha dirishani, kiwe chochote kile. Kwa maoni yangu hiyo ni nusu tu ya kazi, kwa kuwa katika safari ya saa 10 au zaidi, upande unaoketi ndio unaoamua kama utaiona dunia iliyo chini yako, au utashinda umekunja uso kwa ukali wa jua hadi ushushe pazia na kulala kama waliokaa katikati.

Ndiyo maana kabla ya kufungua ramani ya viti, mimi huanza na ramani ya dunia. Kaskazini mwa tropiki jua la adhuhuri huwa upande wa kusini, kwa hiyo ndege inayoelekea magharibi huwa nalo kushoto, na inayoelekea mashariki huwa nalo kulia; kusini mwa tropiki hesabu hiyo hugeuka. Nikishajua jua litakuwa wapi, nachagua upande wa kivuli. Madirisha ya abiria hutengenezwa kwa plastiki ngumu ambayo huingia mikwaruzo midogo midogo, na jua likiyapiga moja kwa moja, kila mkwaruzo hung'aa na kuificha mandhari iliyo nyuma yake.

Safari ninazozipenda kuliko zote ni zile za mchana kutoka Ulaya kwenda pwani ya magharibi ya Marekani. Kwa sababu dunia ni duara, njia fupi hupanda kaskazini na mara nyingi hukatiza Greenland. Aliyeketi kulia, pasipo na mawingu, huona vilele vyeusi vikichomoza katikati ya barafu, mito ya barafu ikiteremka polepole kuelekea baharini, na mapande yaliyomeguka yakielea juu ya maji ya buluu iliyokolea. Tena hakuna haraka ya giza: katika latitudo ya digrii 60 uso wa dunia huzunguka kwa takriban kilomita 835 kwa saa, mwendo unaokaribiana na wa ndege yenyewe, hivyo anayesafiri kuelekea magharibi hulifuata jua na mchana wake hurefuka ajabu. Njia hizo hupangwa upya kila siku kwa kufuata upepo. Ni vyema kutazama katika programu za kufuatilia ndege jinsi safari hiyo hiyo ilivyopita siku za karibuni.

Marejeo kwa kawaida huwa usiku, na hapo nahamia kushoto, ambako ndiko kaskazini, hasa kati ya Septemba na Machi, nikitumaini kuiona mianga ya kijani ya ncha ya kaskazini. Ni lazima ujifunike blanketi pamoja na dirisha ili taa za ndani zisiakisi, kisha uyape macho muda wa kuzoea giza.

Kuhusu safu, kaa mbele ya bawa ukiweza. Juu ya bawa huoni ardhi, na nyuma yake tu hewa ya moto ya injini huifanya nchi itetemeke machoni. Hakikisha pia kwamba safu hiyo ina dirisha kweli, kwani katika baadhi ya ndege mabomba ya hewa hupita ukutani na abiria hubaki akitazama plastiki tupu.

Upande wa kivuli una zawadi yake nyingine. Jua likiwa limeshuka kiasi, na mawingu yakiwa yametanda chini, tafuta kivuli cha ndege juu yake: mara nyingi huzungukwa na pete ya rangi, nyekundu ukingoni na buluu kwa ndani, inayotokana na mwanga unaorudishwa na matone madogo ya maji. Kitovu cha pete hiyo huangukia mahali pale pale ulipoketi, kiasi kwamba kivuli kikiwa kikubwa unaweza kukitambua kiti chako.

Katika safari ndefu wahudumu huomba mapazia yashushwe ili watu walale, na ombi hilo naliheshimu. Hata hivyo, upande usiopigwa na jua mtu anaweza kuacha uwazi mdogo chini ya pazia, akaendelea kutazama bila kummulika jirani yake.