Picha ya Kirusi na Swali la Mjomba

Mwezi wa Agosti 2019 nilikuwa Goma kwa likizo, na mji mzima ulikuwa ukizungumzia Ebola. Mgonjwa wa kwanza mjini alikuwa amethibitishwa tarehe 14 Julai, naye alikuwa amesafiri kwa basi kutoka Butembo. Siku tatu baadaye Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri ni dharura ya kimataifa. Kwenye milango ya maduka, makanisa na ofisi palikuwa na ndoo ya maji ya klorini na mtu wa kupima joto la mwili. Hata hivyo, watu wengi wenye busara, waliokwisha kupita katika vita na volkano, walikuwa wakisema kwamba ugonjwa huo ni biashara ya watu wa riposti, yaani timu zilizotumwa kupambana na mlipuko.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wao, na hoja yake ilinigusa kuliko nyingine zote kwa sababu ilihusu kazi yangu ya kupiga picha za vitu vidogo mno kwa hadubini. Kwa miaka mingi alikuwa na studio ya picha katika mtaa wa Birere, tangu enzi za filamu nyeusi na nyeupe. Alinikalisha uani, akaniwekea mezani karatasi mbili zilizokuwa zikigawiwa mitaani: katika moja picha ya kirusi cha Ebola ilikuwa nyekundu, na katika ya pili ilikuwa ya buluu juu ya kijani. "Mwanangu," akasema, "kitu kimoja hakiwezi kuwa na rangi mbili. Wewe ndiwe uliyesomea mashine hizi. Niambie, ni nani anayetudanganya?"

Nimewahi kuwasikia wataalamu wakiliita swali la namna hiyo ukaidi. Mimi niliona kwamba ni swali ambalo mtu yeyote anayejua picha inavyotengenezwa angepaswa kuliuliza, nikamjibu kama ambavyo ningemjibu mwenzangu wa maabara.

Nilimweleza kwamba mwanga tunaouona hauwezi kuonyesha wazi umbo la kitu chenye upana wa chini ya nanomita 200 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), ilhali uzi wa kirusi cha Ebola una unene wa nanomita 80 tu. Kwa hiyo, badala ya mwanga tunatumia elektroni, chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, kama walivyofanya Ernst Ruska na Max Knoll mjini Berlin mwaka 1931 walipounda hadubini ya kwanza ya aina hii. Elektroni zikisukumwa kwa volti 100,000 ndani ya bomba lililoondolewa hewa, urefu wa wimbi lake hupungua hadi kiasi cha nanomita 0.0037, na wimbi likiwa fupi ndivyo vitu vidogo zaidi vinavyoonekana, na lenzi zinazozikusanya si za kioo bali ni za sumaku. Rangi ni jambo la mwanga, na pale ambapo mwanga haukutumika hapawezi kuwa na rangi. Hadubini hutupatia weusi, weupe na kijivu. Nyekundu na buluu zilitiwa baadaye na mtu aliyeketi mbele ya kompyuta.

Mjomba alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba yeye mwenyewe alikuwa akipaka midomo na mavazi ya maharusi rangi kwa brashi juu ya picha nyeusi na nyeupe, na wateja walikuwa wakijua hivyo. "Lakini hapa," akaongeza, "hawakutuambia."

Nilimfungulia katika kompyuta yangu picha ya kirusi cha Ebola ambayo mtaalamu wa virusi Frederick Murphy aliipiga Atlanta, Marekani, mwezi wa Oktoba 1976, wakati wa mlipuko wa Yambuku, huku kwetu Kongo, ikiwa bado haijatiwa rangi: uzi mrefu uliojikunja nchani. Aliitazama kwa muda mrefu, akauliza kwa nini pembezoni mwa uzi ni peusi kuliko uzi wenyewe. Nilifurahi mno, maana hapo ndipo ufundi wenyewe ulipo. Kirusi hakizuii elektroni vya kutosha kuonekana vizuri, kwa hiyo tunakizungushia chumvi ya metali nzito, mara nyingi asitati ya urani, ambayo hutawanya elektroni na kuacha weusi kandokando. Kirusi kinabaki cheupe kwa kuwa chumvi haikuingia ndani yake. Kwa mtu aliyezoea negativu, yaani filamu ambayo weusi na weupe wake vimegeuzwa, maelezo yangu hayakuhitaji kurudiwa.

Kisha akaniuliza kama mimi nimekiona kirusi hicho. Nikamwambia sijawahi, kwa kuwa Ebola hushughulikiwa katika maabara za ulinzi wa juu kabisa ambamo sijafanya kazi. Nilianza na mawe ya lava ya Nyiragongo, nikichunguza fuwele zake kwa hadubini inayopapasa uso wa jiwe kwa elektroni, kisha nikahamia adenovirusi, kundi jingine la virusi, ambavyo ni vya mviringo wenye pande 20 na hukaribia nanomita 90. Nilimweleza pia kwamba picha ile haithibitishi kuwa mgonjwa fulani wa Goma ana Ebola. Jambo hilo huamuliwa na kipimo cha damu kinachotafuta chembe za urithi za kirusi. Picha inaonyesha kwamba kirusi kipo na kina umbo gani, basi.

Nadhani jibu hilo la mwisho ndilo lililomtuliza, kuliko picha yenyewe. Aliniomba niwaeleze majirani vilevile, bila kupunguza neno, naye akaenda kuwaita. Walipokusanyika, yeye ndiye aliyeeleza habari za rangi na negativu, tena kwa ufasaha unaopita wangu. Maswali ya tiba sikuyajibu, kwa kuwa mimi si daktari. Mjomba akamtuma kijana kumleta muuguzi wa chanjo aliyekuwa akifanya kazi mtaani, naye akakaa nasi akieleza kwa nini chanjo hutolewa kwanza kwa waliokutana na mgonjwa, na kisha kwa waliokutana na hao.