Siku ya kupanga meza: siku moja maishani mwangu, Tanga

Masika yameisha, upepo wa kusi umeanza kuvuma, na mswada wa riwaya yangu umerudi kutoka kwa mhariri ukiwa umejaa wino mwekundu. Kabla sijayagusa masahihisho yake, meza inapangwa. Ndiyo desturi yangu kila rasimu moja inapokwisha na nyingine inapoanza, na huitengea siku nzima. Mwandishi wa huku pwani hapangi meza ili ipendeze machoni. Anapanga ili karatasi zake zisiliwe, zisioze, zisipotee.

Saa 12 na nusu asubuhi

Nimeshakunywa chai ya rangi na chapati. Natandika mkeka sebuleni, kisha nahamishia hapo kila kilichoko mezani na kwenye watoto wa meza wote watatu: kaunta buku, bahasha, kalamu zilizokauka, chaja za simu ambazo simu zake hazipo tena, kadi za michango ya harusi, mafungu ya karatasi zilizochapwa upande mmoja.

Meza ikishakuwa tupu, naivuta kutoka ukutani. Hapa sina haraka. Mchwa hutoka ardhini na kupanda ukutani ndani ya vijia vyembamba vya udongo wanavyovijenga wenyewe, maana hawapendi mwanga wala hewa kavu. Meza iliyobanwa ukutani inawapa daraja na kificho kwa pamoja. Namulika kwa tochi ya simu kuanzia sakafuni hadi usawa wa dirisha, kisha naigeuza meza miguu juu na kuikagua chini. Ni mninga, mti usiopendwa na mchwa, lakini karatasi zilizo juu yake si mninga. Salama. Nitairudisha ikiwa shubiri moja kutoka ukutani, ili fagio lipite na jicho lipite.

Saa 2 asubuhi

Binti wa kaka yangu amefika, shule zimefungwa.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Vua viatu, uchague kona ya mkeka."

Nampa swali moja la kuuliza kila karatasi anayoiokota: hii ni ya kazi gani? Simwambii aulize kama itunzwe au itupwe, kwa kuwa swali hilo linachosha na mtu hulijibu kwa hisia. Ukijua karatasi ni ya kazi gani, mahali pake panajulikana. Isiyo ya kazi yoyote inajitenga yenyewe.

Saa 3 asubuhi

Risiti. Mwandishi anayelipwa mrabaha, yaani fungu lake katika mauzo ya kitabu, ni mlipakodi kama muuza duka, na hapa Tanzania mchapishaji humkata kodi ya zuio ya asilimia 15 kabla ya kumpa chake. Cheti cha makato hayo ni mali; nakiweka kwenye bahasha ya kaki yenye mwaka juu yake. Risiti za EFD, ile mashine ya dukani ya kutolea risiti za kodi, zinahitaji uangalizi zaidi. Maandishi yake hayatokani na wino, yanatokana na joto lililounguza karatasi yenye dawa, kwa hiyo joto la chumba na mwanga wa dirisha huyafifisha hadi karatasi ikabaki nyeupe. Tunazipiga picha moja moja, tunaandika tarehe na kiasi nyuma kwa penseli, zinaingia bahashani. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Zilizopita muda huo tunazichana.

Saa 5 asubuhi

Tumefika kwenye rasimu, na hapa ndipo siku ilipo.

"Shangazi, hizi si zimeshatoka kitabu? Nizipeleke jikoni za kuwashia mkaa?"

Swali la haki. Kitabu kipo rafuni, kimechapwa vizuri, na haya ni mafungu yaliyokatwakatwa mistari. Namketisha, tunafungua fungu moja. Ukurasa wa juu una aya nzima niliyoipiga mstari: bibi anamsimulia mjukuu jinsi meli za mkonge zilivyokuwa zikipakiwa bandarini Tanga. Pembeni nimeandika "ndefu, inachelewesha safari". Kwenye rasimu iliyofuata aya hiyo imekuwa sentensi moja. Namwonyesha sentensi hiyo ndani ya kitabu. Anaisoma, anarudi kwenye aya, anaisoma tena.

"Kumbe ilitoka huku," anasema.

Ndiyo maana sizichomi. Kitabu kinaonyesha mahali kazi ilipofika. Rasimu zinaonyesha njia iliyopitia, na mwandishi chipukizi anahitaji njia kuliko anavyohitaji mwisho. Namweleza pia habari za J.W.T. Allen, aliyezunguka pwani yetu katika miaka ya 1960 akikusanya miswada ya tenzi kwa ajili ya maktaba ya chuo kikuu cha Dar es Salaam. Orodha ya miswada hiyo ilichapishwa 1970. Miswada ya namna hiyo ilifika maktabani kwa sababu kuna watu waliokuwa wameitunza majumbani, ndani ya masanduku, miaka na miaka. Mimi naona kutunza karatasi zangu ni wajibu uleule.

Basi tunazitunza kama inavyopasa. Pini za stepla zinang'olewa zote, kwani hewa ya chumvi huzitia kutu na kutu hula karatasi kwa kuizunguka pini. Mipira ya kufungia nayo inatoka, joto huilainisha ikagandamana na ukurasa. Folda za nailoni laini sizitumii, hunyonya maandishi ya mashine. Kila rasimu inafungwa kwa utepe wa pamba, inaandikwa jina, namba na mwezi iliyokamilika, inaingia kwenye boksi la kadibodi.

Saa 7 mchana

Swala, wali na samaki, usingizi mfupi. Vipande vya magazeti tumevikandamiza kwa mawe maana kusi inaingia dirishani kwa nguvu.

Saa 9 alasiri

Vipande hivyo tumevipeleka stesheneri vikatolewe kopi. Karatasi ya gazeti ina asidi, ndiyo maana hugeuka njano na kuvunjika. Kopi kwenye karatasi nyeupe ya kawaida inaishi zaidi.

Kwenye vitabu nimekutana na vile vidudu vya rangi ya fedha vinavyokimbilia kwenye mshono. Hupenda unyevu, hula gundi na wanga wa jalada. Nimepangusa kila kitabu kwa brashi kavu nikakisimamisha wazi kivulini, upepo upite. Juani hapana, jua kali huchosha karatasi na kupauza majalada.

Saa 10 na nusu

Kompyuta na flashi, kwa ufupi. Kila faili la rasimu linaanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku, ili yajipange yenyewe kwa mfuatano wa kuandikwa. Nakala moja kwenye flashi, nyingine kwenye barua pepe. Majina kama "mwisho" na "mwisho kabisa" nimeyafuta yote.

Saa 12 jioni

Meza inarudi mahali pake, dirisha likiwa kushotoni, kwa kuwa naandika kwa mkono wa kulia na sitaki kivuli cha kiganja kiangukie mstari ninaouandika. Juu yake panarudi taa ya kuchaji, kamusi, kikombe chenye kalamu zinazoandika, na mswada wa mhariri. Riwaya nyingine ninayoiwaza ina boksi lake, na boksi hilo liko kabatini, kwa sababu kazi mbili zikikaa mezani pamoja, iliyo ngumu ndiyo inayoachwa. Mtoto wa juu una bahasha za kodi, wa kati karatasi tupu, wa chini kaunta buku za sasa.

Binti ameomba aondoke na rasimu ile ya bibi na meli akaisome nyumbani. Nimemfungia kwa utepe wake, nimeandika kwenye daftari kwamba iko kwake.

Saa 2 usiku

Nimempigia fundi seremala. Atakuja Jumamosi kupima kabati la maboksi. Nimemwambia ubao wa chini uwe juu ya sakafu kiasi cha ufagio kupita, mgongo usiguse ukuta, na milango iwe na matundu ya hewa. Ametaja bei, nami nimetaja yangu. Tutamalizana akifika.