Msimu wa karafuu, watoto watatu na ndara moja iliyopotea

Karafuu haisubiri mtoto alale. Ikishashushwa mtini leo, leo hiyo hiyo ichambuliwe. Ukiilaza imerundikana ndani ya polo, yaani gunia, inapata joto, inachacha, na ukija kuianika inatoka nyeupenyeupe, nyepesi, haina bei. Na mtoto naye hajui habari ya karafuu. Anajua njaa, usingizi na mama yake. Mimi msimu uliopita nilikuwa hapo katikati, mkono mmoja kwenye karafuu na mmoja kwenye kichwa cha mtoto, na wiki ya kwanza nusura nikimbilie kwetu.

Tunakaa karibu na Mtambile, kusini Pemba, kwenye zile eka tatu alizopewa babu yake mume wangu baada ya Mapinduzi ya 1964. Mikarafuu ni ya ukoo, na mwaka ule ilizaa, si mchezo. Mume wangu kwa kawaida yuko Unguja kwenye kazi za ujenzi, tunamuona sikukuu. Msimu ukifika anapanda boti, anarudi, anafunga kamba kiunoni na kupanda juu. Watoto ni watatu. Kifungua mimba ni msichana wa miaka saba, yuko darasa la pili. Wa kati ni mvulana wa minne, anakwenda skuli ya maandalizi. Na kitinda mimba ndiyo kwanza alikuwa ametimiza miwili, na ziwa bado hajaacha.

Tatizo lilikuwa saa. Wachumaji walishuka kwenye kumi na moja na nusu jioni, mapolo yamejaa. Magharibi inaingia saa kumi na mbili na kitu. Kwa hiyo ndani ya muda usiofika saa moja nilitakiwa niogeshe watu watatu, nipike, nilishe, nisali, kisha nikae jamvini na wenzangu nichambue mpaka saa nne, saa tano za usiku. Wali niliuunguza mara mbili siku za mwanzo. Wa kati usiku mmoja alilala bila kula. Nilimkuta pembezoni mwa jamvi amejilaza kifudifudi juu ya lundo la makonyo, vile vijiti vya vishada vya karafuu, na nilipomnyanyua shavu lote lilikuwa na chapa za vijiti. Nililia kidogo pale. Halafu nikarudi kuchambua, ningefanyaje.

Kwa asiyewahi kuchambua: unakamata kishada kwa mkono mmoja, unakisokota kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinadondoka, konyo linabaki vidoleni. Konyo hutupi, nalo huuzwa, linakwenda kiwandani Wawi kukamuliwa mafuta. Baada ya saa mbili kiganja kinawaka, na harufu haitoki kwa sabuni wala kwa ndimu. Sasa mkono huo huo ndio unaomfuta mtoto machozi. Kitinda mimba nilimfuta jicho siku ya pili tu, akapiga ukelele uliomtoa baba yake msalani.

Wiki hiyo hiyo wa kati akatia karafuu puani. Aliniambia mwenyewe, kwa utulivu kabisa: "Mama, imeingia na haitoki." Nikamlaza mapajani, nikawasha tochi ya simu, nikaiona kule juu na kichwa chake cha duara. Nikachukua pini ya nywele. Bahati mama mkwe akanishika mkono. Tukapanda bodaboda mpaka kituo cha afya, njia nzima mtoto anapiga chafya na kucheka. Nesi alipoiona ile pini bado ninayo mkononi alinitazama vibaya. Akasema ningeisukuma ndani zaidi, na pengine nimtoboe. Akaniambia nikae, nimpakate, nimbane lile tundu la pua lisilo na karafuu kwa kidole, nimtie mdomo wangu mdomoni kama ninayembusu, kisha nimpulizie mara moja kwa nguvu. Nilidhani ananitania. Nikapuliza. Karafuu ikatoka na makamasi yake, ikatua kwenye buibui langu. Nilipomsimulia mama mkwe hakushangaa hata kidogo. "Mwanangu," akasema, "pua gani ya Pemba haijaingia karafuu?"

Usiku ule nilimwambia mume wangu kwamba mimi siwezi. Akajibu jibu ambalo sitalisahau: "Watoto tu hao." Sikugombana naye. Ijumaa iliyofuata kulikuwa na hitima ya shangazi yangu, mjini Chake Chake. Nikavaa, nikachukua mkoba, nikamwambia leo hupandi mkarafuu, watoto wako hawa. Nikaondoka saa mbili asubuhi, nikarudi karibu na magharibi. Hakuna aliyeoga. Mchana walikula boflo, mkate mtupu, kwa chai, na jioni nimewakuta wanakula boflo kwa chai. Kitinda mimba amevaa fulana ya dada yake, imemfika miguuni kama kanzu. Niseme ukweli ingawa unaniuma: walikuwa na furaha siku ile kuliko wiki nzima waliyokuwa na mimi. Lakini mume wangu alikuwa amekaa barazani, kichwa amekishika, na ndara ya kushoto ya wa kati haionekani.

Kesho yake alishuka mtini saa kumi. Hakutangaza, hakuomba radhi, alishuka tu, na wachumaji wakashuka naye. Siku iliyofuata vivyo hivyo. Kwangu mimi saa moja na nusu ile ndiyo iliyoniokoa, maana tulianza kuchambua kungali na mwanga, na usiku tukamaliza mapema. Kilichopungua mtini kwa siku hakikufika nusu polo.

Mengine niliyabadilisha mwenyewe. Nilihamisha mapishi. Nikaacha kupika jioni, nikawa napika mara moja tu, baada ya adhuhuri, wali au majimbi kwa mchuzi wa samaki, watoto wanakula saa kumi na moja, na kinachobaki ndiyo chai yetu ya asubuhi. Maji ya kuogea nilikuwa nayaweka uani kwenye beseni tangu mchana, jua linayapasha, hakuna kuni wala mkaa. Watoto wanaoga kabla ya kula, si baada. Najua wanachafuka tena. Waache wachafuke, mdomo unafutika, mwili mzima ndio kazi.

Skuli na chuo cha Kurani sikugusa. Kuna waliosema mtoto wa miaka saba ana vidole vyepesi, abaki nyumbani achambue. Nilikataa na ningekataa tena. Akirudi chuoni, akishakula, anakaa na bibi yake anasokota vishada vyake viwili vitatu kwa raha yake, akichoka basi.

Usingizi ndio uliokuwa mgumu zaidi. Nilikuwa nawapeleka chumbani, nazima taa, nawaambia laleni. Nikirudi jamvini, wa kati yuko nyuma yangu. Namrudisha, yuko nyuma yangu. Simu nilimpa, siku tatu mfululizo, akaangalia katuni mpaka chaji ikaisha, na wala sijutii. Siku ya nne umeme ukakatika, chaji hakuna, tukawasha taa ya betri, na wanawake wa nyumba mbili za jirani wakaja na karafuu zao kwetu ili tuchambue kwa mwanga mmoja. Wakaja na watoto wao. Sasa ukumbini kuna wanawake sita na watoto tisa. Nikasema leo hapa patakuwa soko. Mama mkwe, bila kunyanyua macho kwenye kishada, akaita:

"Paukwa!"

Watoto tisa: "Pakawa!"

Akatoa hadithi ya sungura, naijua tangu mdogo, lakini yeye ana namna yake ya kuikokota. Fisi anachukua muda mrefu sana kufika kisimani. Kabla fisi hajafika, watoto wanne walikuwa wamelala. Wa kati alilala akiwa ameniegemea mgongoni, namsikia anavyovuta pumzi. Nilielewa basi kwamba nilikuwa nahangaika bure kuwatenga na kazi, wao walichotaka ni kulala karibu na sauti zetu. Tangu usiku ule tukatandika mkeka na mito pale pale ukumbini, na nyumba tatu zile zikawa zinazungukana, leo kwangu, kesho kwako. Umeme uliporudi hatukubadilisha, ila taa tuliizima moja.

Tulichelewa tu kumwachisha kitinda mimba ziwa. Mama mkwe alisema nijipake shubiri, ana mti wake uani, na wanawe wote sita aliwaachisha hivyo. Nikajipaka. Kitinda mimba akaja mbio, akaonja, akakunja uso mpaka nikamuonea huruma. Akanitazama. Kisha akashika pembe ya kanga yangu, akaifuta ile shubiri taratibu, upande huu na huu, kama anayesafisha sahani, akaendelea kunyonya. Mama mkwe alicheka mpaka akakaa chini. Nikaiacha shubiri.

Nesi yule yule wa pua ndiye aliyeniambia nisimkatishe ghafla, maziwa yatanijaa na yataniuma. Nipunguze moja moja. Nikaanza na la mchana, lile alilokuwa ananyonya kwa uvivu tu. Nikimuona anakuja nampa ndizi au kikombe cha uji, au nasimama, maana nikikaa tu anapanda. Baada ya siku sita nikaondoa la asubuhi. La usiku nililiacha mwisho. Aya ya 233 ya Suratul-Baqara inataja miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, na kuachisha kuwe kwa kuridhiana na kushauriana wazazi wawili. Basi tukashauriana, yeye yuko juu ya mkarafuu, mimi chini na pakacha. "Leo alale kwa bibi yake?" "Alale!" Ndiyo lilikuwa shauri letu.

Alilala kwa bibi yake usiku tatu. Usiku wa kwanza alilia mpaka saa sita, nikimsikia, nyumba zetu zimetengwa na ua tu. Mimi nilikuwa chooni najikamua, nalia naye. Usiku wa pili alilia kidogo. Wa tatu sikusikia kitu, nikaamka mara mbili kwenda kuchungulia dirishani, nikamkuta amelala ameshika sikio la bibi yake. Aliporudi kwangu alinusa kifua, akasema "karafuu," akageukia ukutani. Nilitarajia kufurahi. Nilikaa nikitazama mgongo wake mdogo ule mpaka alfajiri ikaadhiniwa.

Mwezi wa kumi vuli ikaanza kutuchezea. Karafuu zikiwa jamvini zinataka siku nne tano za jua kali, na mvua ya dakika kumi inaharibu yote. Siku moja nilikuwa namuogesha kitinda mimba uani, wingu likatokea upande wa bahari, jeusi. Mtu akapiga kelele, "Mvua!" Kila aliyekuwa na miguu alikimbia. Kifungua mimba wangu alishika ncha ya jamvi na baba yake, wa kati akakumbatia ungo uliomzidi mwili, mama mkwe anakusanya kwa kanga. Majamvi saba yakaingia ndani. Tukasimama mlangoni tunahema, tunahesabu: moja, mbili, tatu... Nikahesabu na watoto. Wawili.

Kitinda mimba alikuwa kwenye beseni lake, uchi, mvua inampiga utosini, maji yamemfika kitovuni, anapiga makofi.

Karafuu zilipokauka sawasawa tukazipakia, mume wangu akakodi gari akazipeleka kituo cha ununuzi cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, na huku kwetu ndilo mnunuzi pekee. Mimi sikuwapo, nimehadithiwa na yeye, na kila akihadithia watu kwenye foleni wanaongezeka. Anasema polo la tatu likamiminwa ili likaguliwe usafi na ukavu, karafuu nzuri, nyekundu, hazina konyo hata moja, na yeye amesimama kifua mbele. Katikati ya lundo ikatoka ndara ya mtoto, ya buluu, ya kushoto. Mkaguzi akaiokota kwa vidole viwili, akaikung'uta, akaigeuza chini na juu.

"Bwana," akasema, "na hii tuitie daraja la ngapi?"

Mume wangu akairudisha nyumbani mfukoni, inanukia. Ya kulia nilikuwa nimeshaitupa wiki mbili nyuma.