Sarafu Yenye Kumbukumbu

Nilichagua kusoma sosholojia kwa sababu moja ambayo sikuithubutu kuiandika kwenye fomu ya maombi: haikuwa na hesabu. Ndivyo nilivyodhani. Muhula wa pili wa mwaka wa kwanza ratiba ikabandikwa ukutani, na pale katikati, Jumanne na Alhamisi saa mbili asubuhi, palikuwa na Utangulizi wa Takwimu, kozi ya lazima. Nikajua nimeruka majivu nikakanyaga moto.

Tulikuwa 52 darasani, karibu wote wakimbizi wa hesabu kama mimi, tuliotoka saikolojia, ualimu, uuguzi na uandishi wa habari. Mhadhiri alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ndogo, ndogo kiasi kwamba tulilazimika kunyamaza ili tumsikie, nami hadi leo naamini alikuwa akifanya makusudi. Wiki tatu za kwanza zilipita bila majeruhi. Wastani niliujua. Namba ya katikati na namba inayojirudia zaidi nilizikumbuka toka shuleni. Mchepuko sanifu, kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, ndio ulionisumbua, hasa tulipoambiwa kwamba ukitumia sampuli hugawi kwa idadi ya watu uliowapima, ambayo vitabu huiita n, unagawa kwa idadi hiyo kutoa moja. Wiki nzima niligawa kwa idadi kamili, kwa ukaidi tu, nikiona ni dhuluma kumfukuza mtu mmoja kwenye hesabu baada ya kumpima urefu.

Wiki ya nne tukaingia kwenye uwezekano, na siku ya Jumanne akatupa zoezi. Kila mtu akarushe sarafu mara 200, aandike matokeo kwa mfuatano wake, K kwa kichwa na M kwa mkia, alete karatasi Alhamisi. Basi. Mtu mmoja nyuma akacheka. Mhadhiri akamwacha amalize, kisha akatusimulia habari za John Kerrich, mwanahisabati wa Afrika Kusini aliyekuwa ziarani kwa wakwe zake Copenhagen mwaka 1940 Wajerumani walipoivamia Denmark. Akawekwa kizuizini, na humo kizuizini ikarushwa sarafu mara 10,000, kila tokeo likaandikwa. Vichwa vilikuwa 5,067.

"Angeweza kuandika 5,000 kamili na watu wangempigia makofi," akasema. "Akaandika 5,067."

Sikuelewa kwa nini alilikazia jambo hilo. Nilikuwa nahesabu dakika zilizobaki.

Jumatano usiku nikakaa sakafuni kati ya vitanda viwili, daftari gotini, sarafu mkononi. Niseme ukweli, maana mambo yaliyofuata yanaegemea hapo: nilirusha. Nilirusha zote 200. Wapo waliokaa kitandani wakabuni K na M kwa dakika tano, wakalala. Mimi nilirusha mpaka kidole gumba kikawa chekundu. Mrusho wa 43 uliingia uvunguni, ikabidi nitambae na tochi kwenda kusoma tokeo hukohuko vumbini bila kuigusa sarafu, kwa kuwa niliona kuigusa kabla ya kuisoma ni wizi. Mwenzangu wa chumbani alifunua blanketi, akaniona miguu tu.

"Unacheza kamari na nani huko?"

Nikamwambia ni takwimu. Akajifunika tena.

Mambo yaliharibika kuanzia mrusho wa 117. Kichwa. Kichwa. Kichwa. Cha nne, cha tano, sikujali. Cha sita nikahamishia sarafu mkono wa kushoto. Cha saba nikaigeuza kuhakikisha kwamba upande wa pili upo. Cha nane nikairusha juu zaidi, ikagonga dari, ikaanguka, ikajizungusha sakafuni kwa ile sauti inayokwenda ikiongeza kasi kadiri inavyokaribia kulala, ikalala. Kichwa. Cha tisa sikukirusha kwa ufundi wowote, nilikiachia tu, na bado kikawa kichwa. Wa 126 ndio ukawa mkia, nami nikashusha pumzi kama mtu aliyeokolewa.

Nikamaliza hadi 200, nikahesabu: vichwa 105, mikia 95. Hapo sikuwa na tatizo. Tatizo lilikuwa ule mstari. Kwenye karatasi yangu ya rafu ulionekana kama ua uliojengwa kwa herufi moja: KKKKKKKKK. Niliutazama kwa macho ya mhadhiri, nikasikia kabisa ile sauti ndogo ikiniuliza kama nilisinzia huku kalamu ikiendelea kuandika. Nani angeniamini? Ningekuwa mimi msahihishaji, nisingejiamini.

Kwa hiyo nikautengeneza. Nikamgeuza K wa katikati, yule wa 121, akawa M, zikabaki vichwa vinne, mkia, vichwa vinne. Ikapendeza. Kisha nikaona chini kidogo kuna mikia sita mfululizo, nayo nikaikata. Juu kulikuwa na vichwa saba. Pakubwa pakishatengenezwa, padogo panaanza kuonekana pabaya, na kabla sijaweka kalamu chini nilikuwa nimefika kwenye mifululizo ya tano tano. Nikahesabu mabadiliko yote: saba. Vichwa vitano vimekuwa mikia, mikia miwili imekuwa vichwa, jumla ya vichwa 102. Saba kati ya 200, hata asilimia nne haifiki. Nilijiona nimepiga pasi shati langu mwenyewe, basi. Nikanakili upya kwa wino wa bluu, mistari kumi ya herufi ishirini ishirini, nikalala usingizi wa mtu mwadilifu.

Jumanne iliyofuata mhadhiri aliingia na mafungu mawili ya karatasi, moja nene na moja jembamba. Nilipokea yangu kutoka jembamba. Hapakuwa na alama. Chini kabisa, kwa penseli, mwandiko mdogo kama sauti yake: *Sarafu yako ina kumbukumbu. Njoo ofisini.*

Nikaikunja mara nne.

Hakutaja mtu. Alichukua chaki akaandika ubaoni mstari mmoja wa K na M, na nikautambua kwa jinsi tumbo lilivyojikunja kabla macho hayajamaliza kuusoma. Ulikuwa mstari wangu wa pili.

"Karatasi nzima iko hivi," akasema. "Mirusho 200, na hakuna mahali ambapo upande mmoja umetokea zaidi ya mara nne mfululizo. Tuiulize karatasi hii maswali."

Ndipo akafundisha lile ambalo vitabu huliita kupima nadharia tete, na sijawahi kufundishwa kitu nikakishika haraka namna ile, kwa kuwa mshtakiwa nilikuwa mimi. Tunaanza, akasema, kwa kumwamini mwanafunzi: karusha sarafu nzima, kaandika alichokiona. Hiyo ndiyo nadharia tunayoishikilia hadi ushahidi uiangushe. Kisha tunajiuliza: kama ni kweli, karatasi yenye sura hii ingetokea mara ngapi? Sarafu haijui ilichofanya mara ya mwisho. Ikishatua kichwa mara nne, mara ya tano ni nusu kwa nusu vilevile. Haioni haya, haijisikii kuwa na deni kwa mkia. Binadamu ndiye anayeona haya. Akiwa amebuni K nne, mkono unamwasha, anaandika M. Kwa sarafu halisi, ukirusha mara 200, kupata angalau mfululizo mmoja wa sita au zaidi ni jambo linalotokea karibu mara 97 kati ya 100. Kukosa hata mfululizo wa tano, kama kwenye karatasi hii, hutokea chini ya mara moja katika elfu.

Akaandika ubaoni: p < 0.001. Hiyo p ndiyo uwezekano wa kupata karatasi kama hii iwapo mwanafunzi ni mkweli. Akaongeza kwamba mwanatakwimu Ronald Fisher, kwenye kitabu chake cha mwaka 1925, aliona moja kati ya ishirini ni mpaka unaofaa wa kuanza kutilia shaka, na watu wakaufanya mpaka huo kuwa sheria. "Huyu wetu hata hakusimama hapo. Kauvuka akaenda zake."

Darasa likacheka. Na mimi nikacheka, kwa kuchelewa kidogo, jambo ambalo nadhani lilinifichua kwa jirani yangu kuliko takwimu yoyote.

Ofisini kwake palikuwa na viti viwili na mafaili juu ya cha pili. Aliyahamisha mwenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kujitetea kwa hasira, maana hasira ilikuwepo na ilikuwa ya haki nusu: mwenye kidole gumba chekundu ni mimi, na nimewekwa fungu moja na waliobuni kitandani.

"Mwalimu, kwa hiyo unasema uwezekano kwamba sina hatia ni chini ya moja katika elfu?"

Badala ya kukasirika akainuka kidogo kwenye kiti, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa redioni.

"Hapana. Sikusema hivyo, na nakuomba usiondoke humu ukiwa unaamini hivyo. Nimesema kama ulirusha ukaandika ulichokiona, karatasi kama hii ni nadra sana. Sijasema kwamba kwa kuwa karatasi ni hii, basi wewe ni mwongo kwa kiwango fulani. Hayo ni maswali mawili. La pili siwezi kulijibu kwa karatasi peke yake. Ni lazima nijue kitu juu yako kabla ya karatasi."

"Na unajua nini juu yangu?"

"Kwamba unagawa kwa n." Akanyamaza. "Ndiyo maana nimekuita."

Nikafungua begi nikatoa ile karatasi ya rafu. Mpaka leo sijui kwa nini sikuitupa. Ilikuwa na alama ya vumbi la uvunguni pembeni, na kwenye mrusho wa 121 nilikuwa nimezungusha duara na kuandika *huyu ageuke*. Nikamweleza yote: tochi, mkono wa kushoto, dari. Alisikiliza huku penseli yake ikitembea juu ya herufi bila kuzigusa, ikasimama kwenye zile tisa, ikarudi nyuma kuzihesabu upya.

Nilitegemea aseme afadhali. Kwamba nimefanya kazi, tofauti na wale wengine. Hakusema hivyo.

"Waliobuni niliwaelewa," akasema. "Ni wavivu, na uvivu unaonekana. Wewe ulikuwa na kitu cha kweli mkononi, ukakifanya kifanane na uongo wao ili nikuamini."

Sikuwa na jibu. Kilichonitoka kilikuwa cha kitoto: "Lakini tisa, Mwalimu. Tisa mfululizo. Ungeniamini?"

Akaivuta ile nene, fungu la karatasi 38 alizozikubali, akaanza kuipekua kwa kasi ya mtu anayehesabu noti. Kila baada ya karatasi kadhaa alichomoa moja akailaza mezani, majina yakiwa upande wa nyuma. Alipomaliza zilikuwa 11. Aliniambia kwamba mfululizo wa tisa au zaidi katika mirusho 200 humpata karibu mtu mmoja kati ya watatu, kwa hiyo 11 ni kiasi cha kawaida, pungufu kidogo ya alivyotarajia. Kisha akanigeuzia meza, yaani aliinuka akaenda dirishani, nikabaki nazo.

Nikazisoma moja moja. Ya kwanza K tisa. Ya pili M tisa. Kuna aliyepata K kumi kisha, mistari miwili chini, K tisa nyingine, na hakuandika neno lolote la kujitetea. Kuna aliyechora kauso kadogo kenye macho makubwa pembeni, akaendelea. Nilijaribu kuwabahatisha kwa miandiko: mmoja nilikuwa na hakika ni yule aliyecheka siku ile nyuma.

Ya mwisho ilikuwa na M kumi na mbili. Mwandiko wake ulianza mwepesi, wa haraka, wa mtu anayetaka kumaliza alale. Kufikia M ya saba kalamu ilikuwa imeanza kukandamiza. Ya tisa na ya kumi zilikuwa nzito, wino umejaa kwenye pembe. Niligeuza karatasi, si kutafuta jina, nilitaka kuona nyuma. Zile mbili za mwisho zilikuwa zimetoboka upande wa pili, vitundu vidogo viwili, na M ya kumi na mbili ilikuwa bado M.