Nilivyoacha sigara baada ya vidole vyangu kushikwa na baridi yabisi

Mimi ni fundi wa nguo Gikomba. Napunguza na kubana nguo za mitumba, kazi inayotegemea vidole kuliko cherehani yenyewe. Vidole vilipoanza kukataa, niliingiwa na hofu kubwa. Asubuhi nilishindwa kukunja ngumi. Kutunga uzi kwenye sindano nilimwachia kijana ninayemfundisha kazi, na mkasi haukushikika mpaka karibu saa nne. Vifundo vilivimba mikono yote miwili, vikawa na joto ukivigusa, ila vile vya karibu na kucha vilikuwa salama. Ilikuwa Julai, kila mtu akasema ni baridi ya Nairobi.

Daktari wa viungo aliniagizia vipimo viwili vya damu, RF na anti-CCP, pamoja na picha ya kifua. Vipimo vyote viwili vya damu vilionyesha ugonjwa. Akanieleza kwamba baridi yabisi yangu ni ile ya rumatoidi, ambapo kinga ya mwili inageuka na kushambulia utando wa ndani ya viungo. Kisha akauliza, "Fundi, unavuta?" Nilijua ataniambia habari za saratani. Akaniambia habari za vidole.

Moshi wa sigara ukichokoza mapafu kwa miaka, baadhi ya protini za mwili hubadilika kidogo huko ndani. Kinga inaziona kama mgeni, inatengeneza kingamwili za kupambana nazo, na ndizo hizo kipimo cha anti-CCP kinazozitafuta. Zinaweza kukaa kwenye damu miaka mingi kabla kiungo chochote hakijauma. Si kila mvutaji anapata ugonjwa huu, na wapo wanaoupata bila kugusa sigara maishani. Lakini mwaka 2006 watafiti wa Uswidi, akiwemo Lars Klareskog, walionyesha kwamba mvutaji mwenye jeni fulani za kurithi hatari yake hupanda mara nyingi zaidi. Moshi na damu ya ukoo vikikutana, hapo ndipo pabaya.

Kilichonisukuma hasa ni neno moja kuhusu dawa. Nilianzishiwa methotreksati, inayomezwa mara moja tu kwa wiki, pamoja na asidi ya foliki, na damu inapimwa mara kwa mara ili kuangalia ini. Daktari akasema kwa wavutaji dawa hii mara nyingi haifanyi kazi vizuri. Dawa ninunue, vipimo nilipie, halafu moshi uzipunguze nguvu? Hapana.

Sasa kuacha kwenyewe. Sigara zangu nilikuwa nanunua moja moja, ingawa sheria ya tumbaku ya 2007 inakataza kuuza hivyo. Hapo ndipo nilipoanzia. Nilimwendea mama wa kibanda, nikamwambia, "Mama, mikono yangu inaisha. Nikija kuomba sigara, ninyime." Alininyima kweli, hata siku niliyomjia na hasira. Chai ya saa nne nikaihamishia ndani ya duka, maana ile ya kibandani na sigara vilikuwa kitu kimoja. Mfukoni nikaweka mukombero, ule mzizi wa kutafuna, mdomo upate kazi. Siku za kwanza zilikuwa mbaya kuliko nilivyoambiwa: usingizi ulikata, kichwa kiliuma, wateja niliwajibu vibaya. Nilichojifunza ni kwamba ile hamu ikipanda haikai, dakika chache inashuka yenyewe. Nilikuwa nachukua suruali yenye pindo refu na kuanza kufumua. Pindo likiisha, hamu imekwisha.

Methotreksati huchukua wiki nyingi kabla ya kuonyesha kazi yake, kwa hiyo siwezi kusema lipi ni la dawa na lipi la kuacha sigara. Ninachojua ni kwamba uvimbe umepungua, na sindano natunga mwenyewe, hata asubuhi. Dawa bado nameza. Daktari aliniambia wazi kuwa kuacha hakufuti ugonjwa ulioanza, na hata kwa asiyeugua bado, hatari hushuka polepole, huweza kuchukua miaka 20 na zaidi.

Ndiyo maana namsumbua mdogo wangu. Damu ni moja, na yeye bado anavuta. Dukani kwangu hawashi, tumeshakubaliana hilo. Nimemwambia pia kwamba mikono ikianza kuwa migumu kila asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, na vifundo vikavimba, asikae akimeza dawa za maumivu. Aende haraka kwa daktari na amwambie mapema, "Kaka yangu ana rumatoidi, na mimi navuta."