Nyoka Mkavu na Dagaa wa Kibirizi

Juzi jioni nilimsimulia shangazi yangu, ambaye huuza dagaa pale Kibirizi, Kigoma, hadithi fupi ya Kijapani iitwayo Rashomon. Akutagawa Ryunosuke aliichapisha mwaka 1915, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye umri wa miaka 23, na kiini chake alikichota katika masimulizi ya kale ya nchi yake.

Mtumishi aliyeachishwa kazi amejikinga mvua chini ya lango kubwa la Kyoto, mji uliochakazwa na tetemeko la ardhi, moto na njaa, hata maiti wasio na ndugu wakawa wanatupwa ghorofani mwa lango hilo. Anajiuliza kama afe njaa au awe mwizi. Huko juu anamkuta bibi kizee, kijinga cha moto kando yake, aking'oa nywele za maiti unywele mmoja mmoja ili atengeneze nywele za bandia. Anapotishiwa upanga, bibi anajitetea kwamba marehemu huyo naye alikuwa akikata nyoka vipande, akiwakausha na kuwauzia walinzi kama samaki. Yeye na marehemu, alisema, wote wawili hawakuwa na jinsi.

Hapo shangazi aliacha kuchambua dagaa, akauliza kama walinzi waligundua. Nilimjibu kwamba hawakugundua, bali waliisifu ladha yake na hawakukosa kununua.

"Mimi, mwanangu, dagaa walioanikwa mchangani nasema ni wa mchangani, na bei naishusha," alisema, kana kwamba nilikuwa nimemtuhumu.

Kinachonivutia ni kwamba mtumishi alipomwona bibi alishikwa na hasira ya mtu mwema, lakini utetezi wa bibi ndio uliompa ujasiri alioukosa kule chini: akamwambia asimlaumu basi, kwa kuwa naye angekufa njaa, akamvua nguo na kutoweka nazo gizani. Kisingizio kilekile kimepita mikono mitatu, na mwandishi hamhukumu yeyote. (Walioona filamu ya mwaka 1950 yenye jina hilohilo, ya mwongozaji Kurosawa, wasidhani wameisoma hadithi hii, maana kisa cha filamu kimetoka zaidi katika hadithi nyingine ya Akutagawa, ya mwaka 1922.)

Shangazi alitaka kujua mtumishi aliishia wapi. Nilimwambia kwamba hadithi inakoma kwa kusema hakuna ajuaye.

"Hakuna ajuaye vipi?" alisema, akirudia ungo wake. "Ana nguo za watu mkononi. Wamtafute sokoni."